Kilo za Edinah: Kumkumbuka Mheshimiwa Dorcus Aluoch

Wasikilizaji wapendwa, kama umeweka maziwa jikoni, yaondoe kwanza motoni, halafu uje uketi. Leo hatutaharakisha. Nina habari ya mtu mmoja, na ninataka niisimulie polepole, kama vile mtu anavyochambua majani mezani, moja moja.

Ijumaa iliyopita, kule Sigowet, tulimzika Mheshimiwa Dorcus Aluoch. Narudia kwa ajili ya wewe uliyefungua redio sasa hivi. Tumemzika Dorcus Aluoch, mbunge wa upinzani, yule wa kuteuliwa aliyewakilisha wafanyakazi. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Figo ndizo zilizomwondoa. Ameacha mume, Mwalimu Hezekiah, na watoto watatu. Ameacha pia baba yake mzazi, Mzee Jackton Oyoo. Mzee ana miaka themanini na mbili, na bado anavaa lile koti la buluu alilopewa kiwandani siku aliyostaafu.

Magazeti yameandika kwamba Dorcus alikuwa mtu wa maswali makali. Ni kweli. Aliiuliza Serikali kuhusu zahanati zisizo na dawa. Aliiuliza kuhusu wakopeshaji wanaomfuata mtu mpaka kanisani. Lakini gazeti halikuandika hayo maswali yalianzia wapi. Mimi ninajua, kwa sababu nilikuwepo. Yalianzia kwenye mizani ya majani, upande wetu huu wa Roret. Na yalianza na kosa. Kosa la Dorcus mwenyewe.

Tuanze mwanzo.

Dorcus alizaliwa kwenye laini za kampuni, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari, chumba kimoja kwa familia moja. Mama yake alichuma chai. Baba yake, Mzee Jackton, alitia kuni kwenye tanuri la kiwanda. Moto huo haukuzimwa mchana wala usiku. Dorcus akitoka shule alipeleka chakula cha baba, na akifika anakaa juu ya rundo la kuni na kuhesabu.

Mzee Jackton aliniambia wiki hii, huku akicheka na machozi yanashuka, "Yule mtoto alinisumbua sana, mama. Nikimwambia msimamizi nimetia kuni arobaini, yeye ananivuta koti: Baba, ni thelathini na nane. Mbele ya msimamizi! Nilitamani kumpiga. Lakini zilikuwa thelathini na nane."

Basi huyo ndiye Dorcus. Mtu wa hesabu sahihi. Kumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililomuumiza baadaye.

Alipomaliza kidato cha nne akapata kazi kwetu. Akawa karani wa majani. Kwa wale wa mjini ambao hawajui, karani wa majani ndiye anayekaa kwenye kituo cha kununulia, pale tunapopeleka chai mbichi. Anapima, anaandika, anakupa risiti, halafu lori linakuja kubeba kwenda kiwandani. Karani akikuonea, umeonewa mwaka mzima. Karani akiwa mwema, hata mvua ikinyesha huisikii.

Dorcus alikuwa mwema. Alivaa sweta la rangi ya boga, kiwiko kimoja kimeshonwa kwa uzi mweusi. Kalamu yake aliifunga kwa kamba shingoni isipotee. Na alikuwa na mdomo! Ukileta majani magumu, yale uliyochuma kwa haraka, anayainua juu watu wote waone.

"Mama, haya ni majani ya chai au ni ya kufagilia boma?"

Foleni yote inacheka. Unachukua majani yako unaenda kuyachambua upya, na wewe mwenyewe unacheka. Halafu ukirudi anakusogezea kiti.

Sasa nifafanue jambo la namba, ndipo mtaelewa kosa.

Kila mkulima ana namba yake kiwandani. Ukipima majani, karani anaandika namba na kilo. Mwisho wa mwezi unalipwa kidogo. Mwisho wa mwaka inakuja bonasi, na hiyo bonasi ndiyo inayojenga nyumba, ndiyo inayolipa karo. Lakini namba haipewi mtu yeyote tu. Lazima uwe na shamba la jina lako. Na wanawake wengi hapa hawana shamba la jina lao. Wana chai waliyopanda kwa mikono yao, wameipalilia kwa mikono yao, lakini cheti cha shamba kina jina la baba mkwe aliyekufa zamani.

Basi tunafanyaje? Tunapima kwa namba ya jirani. Unampa jirani majani yako, yanaandikwa pamoja na yake, na pesa zikija mnagawana kulingana na kilo. Kanuni ya kiwanda inakataza. Lakini nani hapa hajawahi kufanya? Mimi nimefanya miaka sita. Usinicheke wewe unayesikiliza, na wewe umefanya.

Kulikuwa na mama mmoja kwenye foleni yetu, jina lake Edinah Mongina. Watu wengi walimwita Mama Shirley, kwa sababu ya binti yake wa pekee. Edinah alitoka kwao Kisii akaolewa hapa. Mumewe akafariki mapema, na ndugu za mume wakakataa kugawa cheti. Walimwachia robo eka ya chai, achume tu, bila karatasi. Mwembamba, mkimya, vidole vyeusi kwa utomvu mpaka kwenye kiungo cha pili. Aliamka kabla ya wote na alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Edinah alipima kwa namba ya jirani yake, Phelix. Na Phelix alikuwa mtu mwaminifu, msimfikirie vibaya. Kila mwisho wa mwezi alimpelekea Edinah fungu lake. Mwaka mzima, mwezi hadi mwezi, wote wawili hawakuwahi kugombana.

Siku ya kwanza Edinah alipomletea Dorcus majani chini ya namba ya Phelix, aliuliza, "Karani, na yangu hayatapotea?"

Dorcus akamjibu, "Mama Shirley, majani yako ninayajua hata nikifumba macho. Hayapotei nikiwa hapa."

Hayo alisema. Tulimsikia.

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na tano. Shirley alikuwa darasa la nane, mtoto mwerevu, mwenye kuandika hadi kwenye mkono wake akikosa karatasi. Edinah alikuwa anangoja bonasi ampeleke kidato cha kwanza. Karo ya sekondari ililipwa pesa taslimu wakati huo. Alikuwa tayari amechagua sanduku la bati dukani, lile lenye kufuli mbili, na mwenye duka alimwekea pembeni. Kila siku ya soko Edinah alipita kuliangalia tu.

Mwezi wa saba, mke wa Phelix, Lynn, akashikwa na uchungu. Zahanati yetu ilikuwa na muuguzi mmoja, na muuguzi alikuwa kwenye semina. Lynn akapelekwa mbali, akapasuliwa, akaokolewa yeye na mtoto. Lakini hospitali ikasema haondoki mpaka alipe. Siku kumi na nne mwanamke analala pale, kidonda kimeshapona, anazuiliwa na pesa. Phelix akaenda kwa mkopeshaji mmoja mjini. Akatia sahihi karatasi ndefu ya Kiingereza. Alichoelewa ni kwamba atakatwa kidogo kidogo. Kilichoandikwa ni kwamba bonasi yote ya namba yake ni ya mkopeshaji, mwaka huo na mwaka utakaofuata.

Bonasi ilipotoka, ikaenda yote. Ya Phelix na ya Edinah. Mkopeshaji hakujua kuna Edinah. Karatasi haikujua kuna Edinah.

Edinah akaenda kwa chifu. Ndipo likaitishwa baraza, na hapo ndipo ninapotaka msikilize vizuri, wasikilizaji wapendwa.

Tulikuwa kama watu thelathini. Chifu amekaa, pembeni yake mkopeshaji, na pembeni ya mkopeshaji ameketi mkaguzi wa kiwanda, amevuka miguu, ana daftari. Phelix akasimama akasema kweli yote. Akasema nusu ya majani yale ni ya Edinah, na akaomba Edinah arudishiwe. Mkopeshaji akasema, "Huyu anatafuta njia ya kukwepa. Mama huyu ni nani? Ana risiti?"

Edinah hakuwa na risiti. Risiti zote zilikuwa za namba ya Phelix.

Chifu akageuka. "Karani, wewe ndiye unayepima. Mama huyu alileta majani?"

Dorcus akasimama. Kalamu iko shingoni. Akamwangalia Edinah, akamwangalia mkaguzi. Sisi wote tulijua kanuni: karani akikubali majani ya mtu chini ya namba ya mwingine, anafukuzwa siku hiyo hiyo. Na tulijua nyumbani kwake kuna nini. Baba yake alikuwa amestaafu mwezi uliopita na kutolewa kwenye nyumba ya kampuni. Mama yake alikuwa kitandani. Mshahara ulikuwa ule mmoja.

Dorcus akasema, "Chifu, mimi ninaandika namba. Siandiki watu."

Basi. Maneno hayo tu. Ninaandika namba, siandiki watu.

Edinah hakulia. Alisema neno moja, "Karani." Si kwa kelele. Kama mtu anayemwamsha mwenzake. Dorcus akaketi. Na sisi thelathini, tuliomwona Edinah kila asubuhi na gunia lake, tuliosimama nyuma yake kwenye foleni, hakuna aliyeinua mkono. Nani angeinua? Kila mmoja wetu alikuwa na namba ya mtu mfukoni. Mimi nilikuwa nimeketi mstari wa pili. Niliangalia viatu vyangu. Vilikuwa viatu vya plastiki vya kijani, na kimoja kimepasuka kando. Hadi leo ninaviona.

Kesi ikaisha. Shirley hakwenda sekondari. Lile sanduku la bati lilinunuliwa na mtu mwingine.

Miezi mitatu baadaye Dorcus aliacha kazi. Hakumwambia mtu sababu. Alirudi kwenye mashamba ya kampuni akachuma kama mama yake, akaingia chama cha wafanyakazi, akawa katibu wa akina mama. Huko ndiko alikojulikana. Anaenda laini hadi laini, ameshika kitabu cha sheria kimefunikwa kwa gazeti. Mwalimu Hezekiah, mumewe, alimpata huko. Ananiambia, "Nilienda kufundisha wafanyakazi kusoma jioni. Yeye alikaa mbele, akaniuliza maswali mpaka wengine wakaenda nyumbani. Nikaona nimuoe tu, labda atanyamaza. Hakunyamaza."

Baada ya uchaguzi uliopita, chama chake kikamteua kuingia Bunge. Upande wa upinzani. Mtoto wa mtia kuni akaenda Nairobi.

Na akaanza kuuliza.

Swali lake la kwanza lilikuwa fupi. Alitaka Waziri amwambie: katika kila watu kumi wanaokopa kwa simu, wangapi wanakopa kwa ajili ya dawa? Waziri akasema Serikali haina takwimu hizo. Dorcus akasema, "Basi mimi ninazo kidogo." Alikuwa amesimama mwenyewe kwenye lango la zahanati, siku ya soko, akauliza wanawake arobaini na mmoja. Ishirini na tisa walikuwa wamekopa kwa sababu ya ugonjwa, au kujifungua, au karo. Akasema, "Mheshimiwa Spika, deni halianzi kwa mkopeshaji. Linaanza pale muuguzi anapokosekana. Zahanati ikiwa na dawa, nusu ya hawa wakopeshaji watafunga duka."

Kumbe alikuwa anamzungumzia Lynn. Sisi tulioijua habari tulisikia kwenye redio tukatazamana.

Wengine walimdharau. Kila akisimama, kuna mmoja upande wa pili anapiga kelele, "Mheshimiwa, tuletee chai basi!" na wenzake wanacheka. Siku moja akamjibu, "Nitakuletea, Mheshimiwa, lakini wewe huijui chai. Wewe unaijua ikiwa kikombeni." Spika mwenyewe alificha mdomo.

Mwaka juzi akaleta mswada wa kulinda wakopaji. Mambo mengi yalikuwemo: mkataba uandikwe kwa lugha anayoelewa mtu, mkopeshaji asipigie simu mama mkwe wako wala mchungaji wako. Lakini kifungu alichokipenda ni kimoja. Anayepima kwa namba ya mwingine aandikwe jina lake kando, kama mchumaji mwenza, na kilo zake zisiguswe kwa deni lisilo lake. Alikuwa na maneno yake aliyoyarudia kila mkutano. Kilo za mtu zisilipe deni la mwingine. Narudia: kilo za mtu zisilipe deni la mwingine.

Siku ya mjadala, Waziri akasimama kujibu. Alisoma kwenye karatasi, kwa upole tu. Akasema kifungu hicho hakiwezekani, kwa sababu watu hao hawamo kwenye rejista. "Mfumo wetu unatambua namba," akasema. "Hautambui watu."

Wasikilizaji wapendwa, mimi nilikuwa ninapepeta mahindi, redio iko dirishani. Ungo ulinitoka mikononi. Maneno yale! Miaka kumi na tisa baadaye, kutoka kinywa kingine.

Bunge likamgeukia Dorcus. Spika akaita, "Mheshimiwa Aluoch?" Yule wa chai akaanza kucheka. Ndipo Dorcus akasema, na sauti ilikuwa ya chini hata redio ikakwaruza.

"Mheshimiwa Spika, maneno aliyosema Waziri ni yangu. Mimi ndiye niliyeyasema kwanza. Nilikuwa karani wa majani. Mama mmoja, Edinah Mongina, aliniletea majani mwaka mzima, niliyaona kwa macho yangu, na siku alipohitaji shahidi nikasema ninaandika namba, siandiki watu. Nilisema uongo. Nilikuwa ninaogopa kupoteza kazi. Mtoto wake hakwenda shule. Sasa simwombi Waziri anisamehe mimi. Ninamwomba asirudie kosa langu, kwa sababu mimi niliumiza mtu mmoja, na yeye ataumiza kaunti nzima."

Akaketi.

Kesho yake magazeti yakaandika, "Mbunge akiri uongo." Chama chake kikamkasirikia. Watu wakasema aondolewe. Mwalimu Hezekiah anasema hakula siku mbili. Mzee Jackton alimpigia simu. "Nilimwambia, nyathina, mtoto wangu, umerudi kuwa yule wa thelathini na nane. Kaa hapo hapo."

Lakini hayo yote ya chama na magazeti hayakumsumbua kama jambo moja. Jumamosi iliyofuata alimpita kila mtu akaenda nyumbani kwa Edinah. Hakuwa amefika pale tangu siku ya baraza. Shirley alikuwepo, sasa mama wa watoto wawili, anauza nguo za mtumba Sigowet. Ni Shirley aliyenihadithia.

Edinah alikuwa katikati ya chai, kikapu mgongoni. Dorcus akasimama kwenye mpaka wa shamba, viatu vizuri, mkoba mkononi.

"Mama Shirley, nimekuja."

"Ninaona, Karani." Hakuacha kuchuma. "Nilikusikia kwenye redio. Umesema vizuri. Umechelewa miaka kumi na tisa, lakini umesema vizuri."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha sijui kama ninao. Sijautafuta." Akavua kikapu chake, akakiweka chini. "Kikapu ninacho. Chuma."

Shirley anasema alitaka kucheka na kulia. Mheshimiwa mzima, viatu vya Bunge, akavivua akaviweka juu ya mkoba. Akafunga leso ya Shirley kiunoni. Akachuma kutoka saa mbili mpaka saa sita. Hawakuzungumza, isipokuwa mara moja Edinah aliangalia ndani ya kikapu akasema, "Karani, haya ni ya kufagilia boma?" Dorcus akachambua upya.

Wakayapeleka kituoni pamoja. Siku hizi mizani ni ya mashine. Karani wa sasa, msichana aitwaye Wanjuhi, alimtambua Mheshimiwa akashtuka.

Dorcus akasema, "Andika Edinah Mongina."

"Mheshimiwa, mashine inakataa jina. Inataka namba."

Edinah mwenyewe akataja namba ya Phelix, kama kawaida, na Wanjuhi akabonyeza. Kisha Edinah akamgeukia Dorcus. "Umeona? Kuomba msamaha ni kwako. Mimi ninataka kuandikwa."

Dorcus alirudi Nairobi na neno hilo. Mswada ukapita kusomwa mara ya pili. Mara ya tatu bado mpaka leo, na Serikali bado inasema gharama, gharama. Lakini Dorcus hakungoja. Alikwenda kwa wakurugenzi wa kiwanda chetu mara saba. Wengine wao waliwahi kupima kwenye mizani yake. Mara ya tano alikuwa tayari amevimba miguu. Mara ya saba alikwenda akitoka hospitali, bandeji ya sindano bado iko mkononi. Wakakubali kujaribu kituo kimoja: cha kwetu. Wanaopima kwa namba ya mwingine waingizwe kwenye mashine kwa majina yao, na mkopeshaji yeyote ajue kilo zile si za mwenye namba.

Hiyo ilikuwa mwezi wa pili mwaka huu. Jina la Edinah likaingizwa. Watu wakamwambia, Mama Shirley, nenda upime, uko kwenye mashine! Edinah akakataa. Akaendelea kupima kwa namba ya Phelix kama zamani. Wanjuhi akamwuliza kwa nini. Akasema, "Aliyesema hanijui ndiye atakayesimama hapa nikiandikwa. Apone kwanza."

Dorcus akapelekewa habari hospitalini. Mwalimu Hezekiah anasema alicheka akasema, "Huyo mama ni mgumu. Mwambie Jumatatu nitakuja." Jumatatu hiyo hakuja. Na ile iliyofuata hakuja. Jumatano ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, Dorcus alifariki.

Sasa tuko Ijumaa, Sigowet. Hema limejaa. Wabunge wamekuja, wa upinzani na wa Serikali, na yule wa chai pia alikuja, na alikaa nyuma kimya. Hotuba zimesomwa. Nilimtafuta Edinah kwa macho, sikumwona. Phelix alikuwepo na Lynn wake. Shirley alikuwepo, anaangalia barabara. Watu wakaanza kunong'ona: hakuja, hajasamehe. Nami niliwaza hivyo, Mungu anirehemu.

Jeneza lilikuwa tayari limeshushwa pikipiki ilipoingia. Edinah akashuka. Hakuwa amevaa nguo za msiba. Amevaa ile aproni ya plastiki ya kuchumia, imelowa umande mpaka chini, na vidole vyake ni vyeusi. Watu wakampisha. Akaenda moja kwa moja kwa Mzee Jackton, akamshika mkono.

"Baba, mnisamehe kuchelewa. Nilikuwa kwenye foleni. Nilikuwa ninaandikwa."

Akatoa karatasi kifuani. Risiti ndogo ya mashine, ile nyembamba. Akampa Shirley. "Soma. Soma kwa sauti."

Shirley, ambaye hakwenda sekondari, akasoma mbele ya wabunge wote. "Edinah Mongina. Kilo kumi na moja."

"Tena."

"Edinah Mongina. Kilo kumi na moja."

Edinah akasogea kwenye ukingo wa kaburi. Akainama kidogo, kama vile tunavyoinama kwenye dirisha la karani. Akaita lile neno la siku ya baraza, na kwa sauti ile ile.

"Karani," akasema. "Nimeandikwa."

Wasikilizaji wapendwa, hapo sikuweza kuangalia viatu vyangu tena. Niliinua uso.

Kwa Mwalimu Hezekiah na watoto, kwa Mzee Jackton Oyoo, kwa chama cha wafanyakazi na kwa wote waliompenda Dorcus, sisi wa studio hii na nyinyi mliotupigia simu tangu asubuhi tunawapa pole. Pole sana. Mungu awashike pale ambapo mikono yetu haifiki. Mzee wetu, kuni zako zilihesabiwa vizuri.

Na wewe uliye nyumbani, ninakuachia jambo hili moja. Kesho asubuhi utakuwa kwenye foleni, ya majani, ya zahanati, ya ofisi ya chifu. Mbele yako kuna mtu. Mtazame uso. Lijue jina lake. Siku atakapoulizwa nani alimwona, mimi sitaki tena kuwa mmoja wa wale thelathini. Inua mkono wako, nami nitainua wangu.